Msuko wa Labeka

1

Bi Mize Faki hakupenda kutazamwa akisuka, na asubuhi hiyo alijikuta amesimama nyuma ya kioo akijitazama mwenyewe.

Upande wa pili wa kioo mikono ya chuma ilipangwa safu kwa safu, kila jozi na meza yake, na kila jozi ilikuwa inasuka. Haikuwa na mabega wala vichwa. Ilianzia kwenye kiwiko ikaishia kwenye vidole, na vidole vile Bi Mize alivijua. Kile cha shahada cha kulia kilipinda kidogo kwenye kiungo cha mwisho, kama chake kilivyopinda tangu mlango ulipomfinya utotoni. Dole gumba la kushoto lilipitisha uzi, likausukuma, likaubana. Halafu mara kwa mara mkono mmoja uliinuka hewani, ukapeleka kidole mahali ambapo mdomo ungekuwepo kama pangekuwa na mdomo, ukarudi kazini.

"Hebu," Bi Mize alisema. "Ule umefanya nini?"

Injinia Kabula aliona haya. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Shinyanga, aliyeletwa Pemba kusimamia Karakana ya Mishipa, na ndiye aliyemfuata Bi Mize nyumbani kwake kumwomba msaada. "Unalowesha kidole, Bi Mize. Ulikuwa unalamba kidole kabla ya kuingiza ukindu mpya. Tulijaribu kuuondoa mwendo huo, kazi ikaharibika. Tukauacha."

"Kwa hiyo nalamba vidole mbele za watu kutwa kucha."

"Samahani."

"Hata. Ningejua ningejizuia."

Mtu asiyejua angeuliza mama msuka vifumbu ana kazi gani na mishipa ya watu. Jibu lilikuwa jikoni. Mshipa wa kuchapwa na mashine ulipendeza ukiwa mezani, lakini ukiingia mwilini ulijikunja kila mgonjwa alipoinama, kama mpira wa kumwagilia bustani. Moyo unataka kitu kinachotanuka ukisukuma na kurudi ukilegea. Daktari mmoja aliyelelewa na bibi yake akakumbuka kifumbu cha kukamulia tui, ule mfuko mrefu wa ukindu unaousokota ukalegea wenyewe bila kukatika wala kusahau umbo lake. Wakatafuta nani anasuka vifumbu vizuri, na wakati huo tui lote lilikuwa linatoka kwenye pakiti, kwa hiyo wasukaji hawakuwa wengi wa kuchagua. Mikono ya Bi Mize ikanakiliwa, ukindu ukabadilishwa kuwa uzi mwembamba wa hariri inayooteshwa kwenye mapipa, na watu wengi wakatembea wakiwa na kazi yake vifuani.

"Sasa tazama meza ile ya pembeni," Kabula alisema. "Inakuja. Hapo. Hiyo ndiyo labeka."

Mikono ya meza ya pembeni ilikuwa imesimama. Dole gumba lilizikunja nyuzi zote kwa pamoja likazifungia chini yake, kiganja kikageuka juu, kazi ikatulia. Baadaye vidole vikafungua, vikavuta uzi mmoja mmoja mpaka kila uzi ukakaza, vikaendelea. Pale pa kukunjia palibaki kifundo kidogo.

"Ndiyo nini?" Bi Mize aliuliza.

"Labeka. Ule msuko wa kufungia. Hicho ndicho nilichokuitia." Kabula alimgeukia. "Kwa mtu mzima kifundo hicho si neno. Lakini yule mtoto niliyekwambia njiani, Salha, mshipa wake ni mwembamba sana. Kifundo kimoja tu na damu inakwama. Tukiondoa labeka zote, mshipa unatoka umelegea na unavuja. Na hatujui labeka inawekwa wapi, maana haina mpangilio. Mara zinakuja tatu zimefuatana, mara kimya kirefu. Tumeitafuta kanuni yake tangu karakana ilipofunguliwa. Tukasema labda ni siri ya wasukaji, hukutaka kuitoa."

Bi Mize hakujua kama acheke au afanye nini.

"Mwanangu, nani amekwambia inaitwa labeka?"

"Wewe. Imo kwenye kumbukumbu. Kila mikono ilipofanya hivyo ulitaja jina lake."

"Labeka si msuko," Bi Mize alisema. "Mume wangu alikuwa akiniita. Mie nikiitikia."

Kabula aligusa kipuli cha sikio lake bila kujijua, kama watu wa rika lake wanavyofanya wakikwama. Na asilaumiwe. Amekua katika dunia ambayo ukimtaka mtu unanong'ona jina lake, kipuli chake kinampasha habari, naye anakuja au haji. Kupaza sauti nyumbani kukawa ushamba. Kuitikia nako kukafa taratibu, kwani mwenye kipuli haitikii, anagusa sikio tu. Neno ambalo mabinti na wake wa visiwani walilitamka kabla hata ya kujua wanaitiwa nini likabaki kwa wazee wachache wenye masikio matupu, na Bi Mize alikuwa mmoja wao.

2

Mafundi wa mwanzo walikuja nyumbani kwa Bi Mize na glavu nyembamba kama ganda la kitunguu. Walimwambia azivae, asuke kama anavyosuka siku zote, asiwajali. Naye alisuka ukumbini, miguu ameinyoosha, kwa sababu chumba cha nyuma yake ndimo alimolala Makame.

Kiharusi kilikuwa kimemchukua Makame upande mmoja na kumwachia sauti. Sauti hiyo aliitumia vizuri. Mize, maji. Mize, nigeuze. Mize, nani huyo mlangoni. Kila akiita, Bi Mize aliitikia, akaikunja kazi chini ya dole gumba isifumuke, akaiweka chini, akaenda. Akirudi alikaza kila alichokiacha ndipo akaendelea. Mafundi walichukua vyote, na walipofika kwao wakasafisha: jogoo wakamtoa, adhana wakaitoa, na sauti ya mwanamume chumbani wakaitoa pamoja na jogoo.

"Kelele hazifutwi," Kabula alisema walipokaa ofisini kwake. "Zinawekwa kando. Unataka kusikia?"

Bi Mize alisogeza kiti chake karibu na meza, na Kabula akafungua.

"Mize!"

"Labeka."

"Nigeuze, ubavu umekufa ganzi."

Kukapita miguu ikikokotwa sakafuni, kitanda kikalia, kisha kimya cha kazi. Halafu tena:

"Mize!"

"Labeka."

Kimya kidogo. "Aa. Nilitaka kujua tu kama upo."

"Nipo," ikajibu sauti ya Bi Mize mwenyewe, yenye kero. "Nitakwenda wapi na lundo hili la ukindu?"

Bi Mize aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Hicho kilikuwa kitu kimoja kilichokuwa kikimchosha kwa Makame. Kuitwa kwa maji, sawa. Kuinuka na magoti yale ili uambiwe mtu alitaka kujua tu kama upo, hilo lilimkera wakati ule, na sasa angeinuka kutwa nzima.

Kabula alipoona mama amejikusanya, alimwonyesha mstari uliokuwa ukipanda na kushuka kwenye kioo cha meza. Ulikuwa mkazo wa nyuzi. Kila Bi Mize alipokaa muda bila kuitwa, mstari ulishuka polepole. Kila baada ya labeka ulipanda tena.

"Mkono wako unalegea bila wewe kujua," Kabula alisema. "Mkono wa kila mtu uko hivyo. Yeye alikuwa akikusimamisha, na ukirudi unaikaza kazi yote."

Bi Mize alifungua mkoba wake, akatoa kifumbu alichokimaliza wiki ile, akakiinua dirishani. Mwanga ulipenya kwenye msuko kama kwenye chandarua. Tangu Makame afariki, mwaka juzi, vifumbu vyake vyote vilikuwa hivyo.

"Nikidhani ni macho," alisema.

Walijaribu mchana ule. Bi Mize alivaa glavu, akapewa uzi mwembamba kama wa mshipa wa Salha, na Kabula akawa anamgusa bega kila baada ya muda ili asimame akaze. Haikufaa. Mkono ukijua utasimamishwa husimama mapema, ukajilegeza kabla na kujikaza kupita kiasi baadaye. Mshipa ulitoka na mabonde. Walibadilisha ishara, wakaweka kengele, wakaweka taa. Mabonde yalibaki palepale.

Ndipo Kabula, bila kumtazama usoni, akasema kuna njia nyingine. Sauti ya marehemu wanayo. Mashine inaweza kuijifunza ikamwita upya, si kwa kurudia miito ile ya zamani ambayo ameshaisikia, bali miito mipya, kwa wakati asioutarajia. Sheria inataka idhini ya mjane. Upasuaji ni keshokutwa, na daktari ameshasema mshipa wa muda alionao mtoto hautamfikisha mwisho wa mwezi.

"Sikulazimishi, Bi Mize," alisema. "Ningekuwa na njia nyingine nisingekutajia hii."

3

Bi Time alikuwa barazani akichagua mchele wakati wifi yake aliporudi. Alikuwa dada yake Makame, mkubwa kwa mwaka mmoja, na tangu msiba alikuwa amehamia kwa Bi Mize kwa kisingizio kuwa paa lake linavuja.

"Umerudi, mwenye mikono ya dhahabu," alisema. "Wamekupa chai huko au wamekunyonya tu?"

Bi Mize alikaa, akamweleza yote. Alipofika kwenye sauti, vidole vya Bi Time vilisimama ndani ya ungo.

"Makame atakuita?"

"Mashine itaniita kwa sauti ya Makame."

"Na weye utaitikia."

"Mtoto ana miaka mitano, Time."

Bi Time alirudia mchele, lakini alikuwa anachagua mahali pasipo na mawe. Tangu wadogo wote wawili walifundishwa jambo moja: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza kwanza, usije ukamwitikia usiyemjua. Hakuna aliyelitaja, na wote wawili walikuwa wanalifikiria.

"Ndugu yangu akikuita alikuwa anataka kitu," Bi Time alisema mwishowe. "Maji. Mto. Hata kukuudhi, nako ni kutaka. Huyo atakuita anataka nini?"

"Anataka nikaze uzi."

"Basi si yeye." Alipepeta ungo mara moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Lakini mtoto wa watu ana kosa gani? Nenda. Ukiona huwezi, vua hayo maglavu uje tule."

4

Asubuhi yake Bi Mize alikataa meza. Alitandika mkeka wake sakafuni mwa chumba cha majaribio, akanyoosha miguu, akazifunga nyuzi kwenye kidole gumba cha mguu kama mama yake alivyomfundisha. Alichosuka yeye kilikuwa cha kuongozea tu. Mshipa wenyewe ulisukwa papo hapo nyuma ya kioo, na jozi moja ya mikono ya chuma, ndani ya chumba kisichoingia hata vumbi, ikimfuata kidole kwa kidole. Kabula aliketi pembeni na kioo chake cha kupimia. Alikuwa ameeleza jambo moja zaidi: labeka safari hii iwe ya kukaza tu, isiwe ya kukunja, maana ni mkunjo unaoacha kifundo.

Kazi ilianza vizuri. Uzi ulikuwa laini, unateleza, lakini vidole viliuzoea. Bi Mize alikuwa amekwisha kusahau anasubiri nini.

"Mize!"

Ilikuwa sauti ya Makame, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi kabla hajakohoa. Nyuzi zilikwisha kukunjwa chini ya dole gumba kabla Bi Mize hajajua.

"Labeka," alisema, akangoja.

Hakikufuata kitu. Alitega sikio kama mtu anayesikiliza nje ya mlango. Chumba kilikuwa na mngurumo wa vipoza hewa tu.

"Umekunja," Kabula alisema kwa upole. "Jaribu kukaza bila kukunja."

"Ananiita halafu hasemi anataka nini."

"Nimeiagiza iite jina tu. Nilidhani ndiyo nafuu kwako."

"Si nafuu."

Walianza upya, na tena, na kila sauti ilipoita mkono ulikunja. Bi Mize alijikaza, akajisema, akajaribu hata kubana meno. Mkono haukumsikiliza. Miaka yote ile Makame alipoita alikuwa ndani na yeye ukumbini, na aliyeitwa namna hiyo anaiweka kazi chini anainuka. Machozi yalianza kumjaa, akaendelea hivyo hivyo, maana mstari wa Kabula ulikuwa umenyooka vizuri na tatizo lilikuwa vifundo tu.

Hapo Kabula alikosea, na alikosea kwa huruma. Aliona jinsi mama yule anavyongoja kila mara jina likiitwa, akashindwa kuvumilia, akaipa mashine neno la kuongeza.

"Mize! Maji."

"Labeka."

Akainuka. Nyuzi zilimchomoka kidoleni, mkono wa chuma nyuma ya kioo ukaachia kazi yake ikafumuka mezani, Kabula akasema kitu ambacho Bi Mize hakukisikia. Alikwenda kwenye jagi lililokuwa pembeni, akamimina maji katika kikombe, nusu tu, kwa sababu Makame alikuwa akijimwagia kikijaa. Akageuka nacho.

Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na ukuta mweupe, mkeka, na Kabula ambaye ameinuka nusu kwenye kiti chake na mkono umeziba mdomo. Bi Mize alisimama na kikombe. Alihisi uchungu ambao hakuuhisi hata siku ya maziko, maana siku ile palikuwa na watu wengi na kazi nyingi, na hakuna aliyemwomba maji.

"Nimeizima," Kabula alisema. "Nisamehe, Bi Mize. Nimeizima."

"Bibi," ikasema sauti nyingine mlangoni. "Hayo maji ya nani?"

5

Alikuwa Salha. Alikuwa ameletwa kutoka wodini na mama yake, Shemsa, kupimwa kifua kwa mara ya mwisho, na mlango ulikuwa wazi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau kama aliyetoka kula zambarau kweli. Sikio lake halikuwa na kipuli, kwani vipimo vya moyo havipatani na vipuli, na kwa hiyo tangu alazwe alikuwa amejifunza kupaza sauti kama watoto wa zamani.

Bi Mize alimtazama, akakitazama kikombe. "Yako, kama mama anaruhusu."

"Anapimiwa maji," Shemsa alisema. "Funda moja, bibi."

Salha alikunywa funda moja kubwa kwa ujanja, akakaa mkekani bila kukaribishwa. Alitaka kujua kwa nini uzi umefungwa mguuni na kama kidole kinauma. Bi Mize alikaa kumwonyesha, kwa sababu mtoto akiuliza huwezi kumwacha hivi hivi. Akazifunga nyuzi upya, akaanza taratibu, hivi, juu, chini, hivi. Nyuma ya kioo mikono ya chuma ilichukua uzi mpya ikaanza nayo. Kabula aliwaacha waendelee.

"Bibi!" mtoto aliita, naye yuko gotini kwake.

"Labeka."

Shemsa alicheka. "Unamwitikia mtoto labeka, bibi?"

"Ulimi umezoea. Unasemaje, mwanangu?"

"Ile mikono inalala saa ngapi?"

"Haijaambiwa kulala. Maskini."

Vidole vilikuwa vimesimama wakati akijibu, vikavuta uzi mmoja mmoja, vikaendelea. Kabula aliinama kwenye kioo chake. Mstari ulipanda. Alitafuta kifundo, akakikosa, akatafuta tena. Hapakuwa na mkunjo. Mtoto alikuwa hapo hapo karibu. Hakukuwa na haja ya kuweka kazi chini wala ya kuinuka, basi dole gumba halikufunga kitu, lilikaza tu.

Kabula alimwashiria Shemsa akae.

Na Salha aliita. Hakuita kwa kupangiwa, aliita kwa shida zake. Bibi, mgongo unawasha, hapana, juu kidogo. Bibi, huyu nani kwenye picha ya ukutani. Bibi, wewe una meno mangapi. Mara miito mitatu ilifuatana, mara akanyamaza akitazama vidole mpaka Kabula akaanza kuingiwa na wasiwasi, halafu akakumbuka jambo jingine. Kila mara labeka ilimtoka Bi Mize, na kila mara uzi ulikaza.

Mshipa ulikaribia kwisha Salha alipoegemeza kichwa pajani kwa Bi Mize akalala. Mwito ukakoma. Bi Mize aliendelea, polepole, asimwamshe. Kwenye kioo cha Kabula mstari ulianza kushuka. Ulishuka kidogo, ukashuka tena. Ukishuka zaidi ya hapo kazi yote ingetupwa, na mtoto amechoka, na daktari anasubiri. Kabula hakuthubutu kumwamsha. Kidole chake kilikwenda kwenye alama ya sauti ya Makame, kikakaa juu yake bila kugusa.

Mikono ya Bi Mize ilisimama.

Hakuna aliyeita. Alikuwa amenyanyua kichwa, ametazama mlangoni mahali pasipo na mtu, na uso wake haukuwa na hofu wala machozi.

"Labeka," alisema kwa sauti ndogo.

Akakaza uzi mmoja mmoja, wote, akasuka mpaka mwisho, akafunga. Mstari ulikuwa umepanda. Kabula aliondoa kidole chake pale na kukiweka mapajani kama mtu aliyekamatwa akidokoa.

6

Salha alikuwa ameanza kugombana na wauguzi, dalili ambayo daktari aliipenda kuliko vipimo vyote, siku Bi Mize alipokwenda kumtazama. Kabula alimsindikiza hadi mlangoni mwa wodi, na hapo akasimama.

"Sauti bado ipo," alisema. "Ni yako. Nakusikiliza wewe."

Bi Mize alikuwa ameshalifikiria. "Ile yake mwenyewe, aliyosema kwa kinywa chake, nipe niwe nayo nyumbani. Time naye aisikie. Ile mliyoitengeneza, iondoeni. Asije mtu mwingine akainuka na kikombe."

"Na jina la msuko? Tumeliandika kimakosa kila mahali. Naweza kulibadilisha."

"Liacheni. Neno lenyewe litakuwa limebaki kwa mtu."

Midomo ya Salha ilikuwa na rangi ya midomo. Alikuwa na kovu refu na alitaka kila mtu alione. Daktari alikuwa amemwambia kuwa damu yake inapita vizuri, ila ukisikiliza sana inasitasita kidogo sehemu fulani, pale msuko ulipokazwa, na hilo halina madhara. Basi Salha alidai asikilizwe. Bi Mize aliinama, akaweka sikio lake tupu kando ya kovu.

Moyo ulipiga, ukapiga, na katikati yake palikuwa na mtulio mdogo, halafu mwingine.

"Hapa uliniuliza mikono inalala saa ngapi," Bi Mize alisema, kidole chake kikilifuata kovu. "Hapa mgongo ulikuwa unawasha. Hapa ulitaka kuhesabu meno yangu, mtoto huna adabu."

"Na hapo?" Salha alikifuata kidole hicho kwa macho mpaka mwisho wa kovu. "Hapo nilisemaje?"

"Hapo ulikuwa umelala."

"Sasa nani alikuita?"

"Mume wangu."

Salha aliona ni jambo la kawaida. "Alikuwa anataka nini?"

Bi Mize hakuinua sikio. Alisubiri pale mahali papite tena, na papo hapo pakapita.

"Hakutaka kitu," alisema. "Alitaka kujua tu kama nipo."